Shombo Lisiloondolewa na Ndimu

Katika Kiswahili chetu mwanamke anayetokwa na majimaji yasiyo ya kawaida husemwa kuwa anatokwa na uchafu ukeni, na ndivyo nilivyosema mimi mwenyewe katika kila dirisha la duka la dawa nililosimama jijini Mwanza kati ya mwisho wa mwaka 2016 na mwanzo wa 2018. Sikuwa mtu wa kukosa elimu. Nilikuwa nafundisha biolojia na kemia katika shule ya sekondari, na kila mwaka nilichora ubaoni bakteria wa umbo la fimbo, wa duara na wa kujipinda. Hata hivyo neno hilo moja, uchafu, lilitosha kunifanya niache kufikiri kama mwalimu wa sayansi. Aliye na uchafu husafisha. Basi na mimi nilisafisha kwa zaidi ya mwaka mzima, na kadiri nilivyosafisha ndivyo hali yangu, ambayo baadaye nilijua inaitwa bacterial vaginosis (BV), yaani kuvurugika kwa bakteria wa ukeni, ilivyozidi kuharibika.

Kusafisha huko sikukuanzia Mwanza. Nilizaliwa na kulelewa Ngamiani, Tanga, na aliyenifunda ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye mtaa mzima ulimheshimu kwa kazi ya usomo, yaani kuwafunda wasichana. Alinifundisha mengi ambayo mpaka leo ninayashika: kubadilisha vitambaa vya hedhi mara kwa mara, kuvifua vizuri na kuvianika juani badala ya kuvificha chini ya godoro vikabaki na unyevu, kutokaa na nguo ya ndani iliyolowa jasho. Lakini alinifundisha pia kwamba baada ya hedhi, na kila baada ya tendo la ndoa, mwanamke mwenye adabu huchukua maji ya uvuguvugu na sabuni, akaingiza kidole na kuosha ndani mpaka utelezi wote ukatike. Kwa siku ambazo mume anarudi kutoka safari, alinipa jiwe la shabu lililosagwa, kidogo tu, la kubana uke. Siwezi kumlaumu, kwa sababu na yeye alipokea hivyo kutoka kwa wakubwa wake, naye alinipa kwa mapenzi.

Tulihamia Mwanza kwa ajili ya kazi ya mume wangu, tukapanga nyumba upande wa Kirumba. Miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa pili nilianza kuhisi shombo. Mwanzoni halikunishangaza, kwa kuwa upepo ukivuma kutoka soko la Mwaloni harufu ya dagaa huingia mpaka chumbani, na nilijiambia kwamba limeshika kwenye khanga zangu. Kisha tukaenda msibani Dodoma, mahali pasipo na ziwa wala bahari, na shombo likawa nami kule kule. Ndipo nilipokubali kwamba linatoka mwilini mwangu. Pamoja nalo kulikuwa na majimaji mepesi ya rangi ya kijivu iliyoelekea weupe, yasiyoambatana na muwasho wala maumivu. Harufu ilizidi siku za hedhi, na ilikuwa kali kuliko wakati wowote mara tu baada ya kukutana na mume wangu. Katika chumba cha walimu nilihamisha kiti changu nikakaa karibu na dirisha. Usiku nilianza kuwa na visingizio, na mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, hakuniuliza, jambo lililonifanya niamini kwamba amekwisha kujua na anaona haya kwa niaba yangu.

Katika duka la kwanza niliambiwa ni fangasi, nikapewa vidonge vya klotrimazoli vya kuingiza ukeni kwa siku sita. Katika duka la pili niliambiwa ni UTI, nikapewa siprofloksasini. Katika zahanati moja nilichomwa sindano na kupewa kopo la vidonge vya rangi mbili ambavyo hata jina lake sikuandikiwa. Kote huko hakuna aliyenipima. Leo naweza kueleza kwa nini hayo yote hayakuweza kunisaidia. Fangasi wa ukeni kwa kawaida huwasha sana na hutoa majimaji mazito yenye mabonge kama maziwa ya mgando, na mara nyingi hayana harufu. Trikomona, ambaye si bakteria bali ni kiumbe wa seli moja, huweza kuleta majimaji ya kijani au manjano, pengine yenye povu. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na uke si njia ya mkojo. Inaniuma kuona jinsi herufi hizo tatu zilivyogeuka kuwa jina la kila linalomsumbua mwanamke chini ya kitovu, kwa sababu kila jina lisilo sahihi humletea mtu dawa isiyo sahihi, na antibayotiki iliyotumiwa bure haiondoki mwilini bila kuacha madhara. Inawezekana kabisa kwamba zile nilizomeza ziliwaua wale bakteria wachache wazuri waliokuwa wamenibakia.

Katikati ya mahangaiko hayo nilijaribu ndimu. Jirani alinishauri, na ushauri wake ulikuwa na mantiki ambayo kila mpishi wa pwani na wa ziwa anaijua: samaki mwenye shombo huoshwa kwa ndimu, na shombo hukatika. Nilichanganya maji ya ndimu na maji ya kawaida nikajiosha ndani. Nililia kwa jinsi ilivyouma, lakini shombo lilikatika kweli, na kwa saa kadhaa nilidhani nimepona. Kesho yake lilirudi. Nilirudia mara tatu au nne, mpaka nikapata vidonda.

Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba jibu lilikuwa katika somo la kemia ninalofundisha mwenyewe. Shombo la samaki anayeanza kuharibika na lile lililokuwa likitoka kwangu vinasababishwa na kemikali za jamii moja ziitwazo amini, na mojawapo, trimethilamini, inapatikana pande zote mbili. Amini zina tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi. Zikikutana na asidi, kama ya ndimu, hugeuka kuwa chumvi isiyoruka hewani, na pua haiwezi kunusa kisichoruka. Zikikutana na kitu chenye ubesi huachiliwa tena na kupanda puani. Shahawa zina ubesi kidogo, na damu ya hedhi nayo haina asidi ya kulingana na ya uke. Ndiyo sababu harufu yangu ilikuwa kali zaidi katika nyakati hizo mbili. Ndimu ilikuwa inafunga harufu tu. Bakteria wanaoitengeneza walibaki palepale wakiendelea na kazi yao, huku mimi nikizidi kuichubua ngozi laini iliyopaswa kunikinga.

Mwezi wa Machi 2018 mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyenizidi umri, aliniambia kwa sauti ya chini niende katika maabara anayoifahamu na niseme nataka kupimwa ute wa ukeni kwa hadubini, si mkojo. Aliyenipokea huko alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa maabara wa siku nyingi. Baada ya kuchukuliwa kipimo kwa pamba, aligusisha ute kidogo kwenye karatasi ya kupimia asidi, na rangi ikaonyesha pH ya 5.5 (namba hii ikipanda, asidi imepungua). Tone jingine alilidondoshea potasiamu haidroksaidi, ambayo ni besi kali, na shombo likajaa chumba kizima; nilitamani ardhi ipasuke, lakini yeye aliandika tu kwenye daftari lake kana kwamba amesoma namba kwenye mizani. Kisha akapaka ute kwenye kioo, akaupitisha juu ya moto, akautia rangi kwa njia ile ile ya Gram niliyokuwa nikiwasomesha wanafunzi kwa maneno matupu kwa kuwa shule yetu haikuwa na rangi hizo. Alipojua kuwa mimi ni mwalimu wa biolojia alinipisha kwenye kiti chake.

“Mwalimu, nitafutie humo fimbo nene za zambarau,” alisema.

Nilisogeza kioo huku na huku. Niliona seli kubwa bapa za ngozi ya uke, na juu yake vijidudu vidogo vingi mno vya rangi ya waridi na vingine vya zambarau hafifu, vilivyogandamana mpaka kingo za seli zikawa hazionekani, mfano wa mkate ulionyunyiziwa ufuta pande zote. Fimbo nene za zambarau sikuiona hata moja, nikamwambia hivyo.

“Basi hayo ndiyo majibu yako,” alinijibu.

Alinieleza kwamba wao huhesabu. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1991 na inajulikana kwa jina la Nugent: fimbo nene za zambarau zikikosekana kabisa mtu hupata alama 4, vijidudu vidogo vikijaa hupata 4 nyingine, na vile vyembamba vilivyopinda kama mwezi mchanga vinaweza kuongeza mpaka 2. Alama 0 hadi 3 ni hali ya kawaida, 4 hadi 6 ni katikati, na kuanzia 7 ni ugonjwa huu wa BV. Mimi nilikuwa na 8. Kipimo cha zamani zaidi, cha mwaka 1983, kinachoitwa cha Amsel, huangalia mambo manne, yaani majimaji mepesi ya namna moja, pH inayozidi 4.5, harufu inayopanda kwa lile tone, na zile seli zilizofunikwa na bakteria. Matatu yakikutana yanatosha. Kwangu yalikutana yote manne. Niliomba ruhusa nikapiga picha kwa simu kupitia lenzi ya hadubini, nayo ninayo mpaka sasa.

Fimbo zile nilizozikosa zinaitwa laktobasili, na daktari wa Kijerumani Albert Döderlein alizieleza tangu mwaka 1892. Homoni ya estrojeni huzifanya seli za uke zijae glikojeni, ambayo ni sukari ya akiba. Glikojeni hiyo ikivunjwa, laktobasili huigeuza kuwa asidi ya laktiki, ileile inayochachusha mtindi. Kwa asidi hiyo uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hukaa kwenye pH ya chini ya 4.5, na vijidudu vingi vibaya haviwezi kustawi humo. Wanafunzi wangu wanajua kwamba hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi. Kutoka 4 hadi 5.5 niliyopimwa, asidi yangu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya mara thelathini. Ule utelezi ambao nilifundishwa kuukata ndio uliokuwa makazi yao, na sabuni, ambayo kwa kawaida ni besi, niliwamiminia mimi mwenyewe siku baada ya siku. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho chanzo pekee, kwa maana wapo wanawake wanaopata hali hii bila kuosha ndani hata siku moja. Lakini tafiti nyingi, zikiwemo zilizofanywa kwa wanawake wa Mombasa, zimeihusisha desturi ya kuosha ndani na kuvurugika kwa bakteria wa uke, na mwili wangu mwenyewe ulinipa ushahidi usioniacha na shaka.

Waliochukua nafasi yao hawakuwa wa aina moja. Anayetajwa zaidi ni Gardnerella vaginalis, aliyepewa jina hilo mwaka 1980 kwa heshima ya Herman Gardner, daktari wa Houston, Marekani, ambaye pamoja na Charles Dukes waliandika habari za bakteria huyo mwaka 1955 wakiamini wamempata mhusika mmoja wa ugonjwa huu. Baadaye ilionekana kwamba huambatana na kundi zima la bakteria wasiohitaji oksijeni, akina Prevotella na Mobiluncus na wengineo. Hakuna mgeni mmoja wa kumfukuza. Wengi wao huweza kuwemo kwa uchache hata kwa mwanamke mzima wa afya; kinachobadilika ni nani aliye wengi. Kwa sababu ngozi haivimbi wala kuwa nyekundu kama inavyokuwa kwenye maambukizi mengine, wanawake wengi hawajui hata kama wana hali hii.

Nilipewa metronidazoli, miligramu 400 mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma wiki nzima. Siku ya tatu shombo lilitoweka, na nilikaa nikalia kwa furaha jikoni. Baada ya miezi mitatu likarudi. Ningependa sana mtu angeniambia mapema kwamba kurudi huko ni jambo la kawaida, kwa sababu nilidhani nimelaaniwa; ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya wanaotibiwa huweza kupata tena ndani ya mwaka mmoja. Sababu mojawapo ilionyeshwa na watafiti wa Berlin mwaka 2005: bakteria hawa hujenga utando unaoshika kwenye ngozi ya uke, mfano wa ukoga kwenye meno, na dawa huwaua walio juu huku waliozama ndani wakisalia. Ukoga hauondoki kwa kusukutua maji.

Nilirudi maabara, nikapimwa tena, nikatibiwa tena, na safari hii niliacha kabisa kuosha ndani. Kuacha kulikuwa kugumu kuliko kumeza dawa. Kwa wiki za kwanza nilijiona mchafu kila nilipotoka bafuni, na mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Niliosha nje peke yake, kwa maji matupu. Shabu niliitupa.

Katika miaka hiyo nilisoma kila nilichoweza kukipata, na nililoligundua lilinifanya nione kwamba shombo lilikuwa dogo katika mambo haya. Mwanamke aliye na hali hii akiwa mjamzito ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kabla ya wakati. Huko Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliihusisha na kuwa na virusi vya UKIMWI, na wa Mombasa wa mwaka 1999 uliwaona wanawake waliokosa laktobasili wakipata virusi hivyo na kisonono zaidi kuliko wenye nao. Nilipopata mimba ya tatu mwaka 2020 nilimweleza mkunga historia yangu yote siku ya kwanza ya kliniki, bila kutafuna maneno, naye akahakikisha nimepimwa.

Nilipata pia kuelewa kwa nini vituo vingi hutibu kwa kuangalia dalili. Mkoa huuhuu wa Mwanza ulifanyiwa utafiti mkubwa katika miaka ya 1990, na matokeo yake ya mwaka 1995 yalionyesha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, mahali pasipo na maabara, kulipunguza maambukizi mapya ya UKIMWI kwa takribani asilimia 40. Ni utaratibu wenye heshima yake, na una hatua zake: mtu huulizwa, huchunguzwa, na dawa hutolewa kwa mpango. Kukisia kwa kumtazama mtu dirishani akiona haya si utaratibu huo, ingawa mara nyingi hujificha nyuma yake.

Sehemu iliyonichelewesha zaidi ilikuwa mume wangu. Mwaka 2018 niliambiwa kwamba haina haja yeye kutibiwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kauli ya madaktari karibu wote wakati ule, kwa sababu majaribio ya awali ya kuwatibu wanaume hayakuonyesha faida. Nilipomweleza kwa mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: “Mama watoto, umeipata wapi?” Nilimjibu kwamba haikutoka kwa mtu, nikamwonyesha picha kwenye simu. Hatukuzungumza tena habari hiyo kwa muda mrefu. Shombo lilirudi mwaka 2019, likarudi tena mwishoni mwa 2024.

Machi 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Australia kwa jozi 164 za wenzi. Wanaume wa kundi moja walipewa metronidazoli ya vidonge pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka kwenye uume, kwa siku saba, wakati uleule wenzi wao wa kike wakitibiwa. Katika kundi jingine alitibiwa mwanamke peke yake. Ndani ya wiki kumi na mbili ugonjwa ulirudi kwa asilimia 35 ya wanawake wa kundi la kwanza na asilimia 63 ya kundi la pili, na utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa tofauti ilikwisha kuwa wazi. Daktari aliyekuwa akinihudumia alikuwa ameusoma. Aliniomba nije na mume wangu, akamweleza kwa utulivu kwamba bakteria hawa huweza kukaa kwenye ngozi ya mwanamume bila kumletea dalili yoyote, na kwamba jambo hili halimshtaki yeye wala mimi. Mume wangu alisikiliza, akauliza krimu inapakwa mara ngapi kwa siku. Aliitumia siku zote saba bila kukumbushwa. Vipimo vyangu viwili vilivyofuata vilikuwa na alama 2 na 1. Wenzi wawili si utafiti, nami sitoi ahadi kwa mtu mwingine.

Desemba ya mwaka huohuo tulikwenda Tanga. Binti yangu wa kwanza alikuwa ametimiza miaka kumi na minne, na shangazi, ambaye sasa anakaribia themanini, alikuwa amemngoja. Usiku wa kuamkia siku ya kumfunda niliingia chumbani kwake, nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, nikiwa na hofu ya kumvunjia heshima.

“Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nawaumiza,” alisema.

“Shangazi, hukujua, na aliyekufundisha hakujua.”

Aliniomba simu. Nilimfungulia ile picha ya 2018, kisha ya 2025, ambayo mama wa maabara alinipigia kabla hajastaafu, iliyojaa fimbo nene za zambarau. Aliziangalia kwa muda, akiisogeza simu mbali na karibu na macho yake.

“Hizi ndefu ndizo zako?”

“Ndizo, shangazi.”

Asubuhi nilikaa ukumbini, nje ya pazia. Nilimsikia akimfundisha mjukuu wake habari za vitambaa, za jua, za nguo iliyolowa. Alipofika pale ambapo mimi nilifundishwa kidole na sabuni, alinyamaza kidogo. “Hapa utaosha nje, kwa maji,” akasema. “Ndani usiingie. Ndani pana wenyewe.” Kisha akaendelea na habari za kuhesabu siku.